Maji Aliyoyameza Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mtia kuni katika injini ya garimoshi, na mtu asije akaniambia kwamba hiyo ilikuwa kazi ya kubeba kuni tu. Enzi za Mwingereza, pale Korogwe, mtia kuni alikuwa mtu na heshima zake. Injini zile zilikula kuni kutwa kucha, na kuni zina tabia kama watu. Kuna zinazowaka kwa kishindo zikaisha, kuna zinazojifanya zimelala, kuna mbichi zinazotoa machozi na moshi mtupu. Yeye alizijua zote. Mvuke ukipungua kilimani, aliniambia, hatukanwi dereva, anatukanwa mtia kuni. Na alilisema hilo kwa majivuno makubwa.

Tulikaa katika chumba kimoja cha nyumba za reli, karibu na stesheni. Akirudi kutoka safari alikuwa anakaa kwenye kigoda hata viatu hajavua, na kabla sijamletea maji ya kunawa ameshaanza kusimulia. Jinsi injini ilivyokohoa ilipotoka Mombo. Jinsi mvua ilivyowakuta katikati ya mashamba ya mkonge, magurudumu yakateleza, wakamwaga mchanga relini. Dereva wake, Singasinga mmoja wa makamo, hakuwa mwepesi wa kumsifu mtu, lakini siku moja alimkatia nusu ya chapati yake bila kusema neno, na mume wangu alinisimulia chapati ile mwezi mzima. Mimi nilikuwa nabandika na kubandua huku nasikiliza, nacheka mpaka mbavu zinauma. Zilikuwa siku tamu hizo, jamani. Nikizikumbuka sasa nayatamani hata yale masizi yaliyokuwa yakinichafulia shuka.

Nilikuwa namtania kwamba amenioa mke wa pili, mke mkubwa ni injini. Naye alikuwa hakosi jibu. Alisema kama ni hivyo basi mimi nami nina bwana mwingine Handeni, tena wa matope.

Hapo alisema kweli. Mimi ni mtoto wa mfinyanzi. Kwetu ni kijijini, mwendo mfupi kutoka Handeni mjini, na mama yangu alifinyanga, na mama yake alifinyanga, na mimi nilianza kuchezea udongo kabla sijajua kufunga khanga vizuri. Kuna kijito nyuma ya mashamba yetu chenye udongo mweusi unaoshikana, ukiuminya haulii na wala haukatiki. Tulikuwa tunauchimba wanawake watupu, wanaume hawafiki pale, tunaubeba kichwani mpaka nyumbani, tunautwanga, tunauchanganya na unga wa vigae vya vyungu vya zamani. Halafu unaanza. Vidole vinapandisha ukuta wa chungu kidogo kidogo, gunzi la muhindi linasawazisha, na kikikauka kiasi unachukua kokoto laini la mtoni unakisugua mpaka king'ae. Hapo pa kusugua ndipo nilipokuwa napotea. Mtu aniite, sisikii. Ugali uungue, sinusi. Mama alikuwa akisema kwamba nyumba inaweza kuungua na mimi ndani, nikatoka na chungu changu mkononi nikauliza mbona kuna joto.

Watu hudhani mtu anafanya kazi ya mikono kwa sababu hana njia nyingine. Wengine sijui, mimi nilikuwa nafurahi. Nilifurahi kwa udongo kama wenzangu wanavyofurahi ngomani, na sijaona haya hata siku moja.

Basi nilipoolewa nikahamia Korogwe, nilibeba kokoto langu na kigunzi changu, nikashuka mpaka kingo za Mto Pangani kutafuta udongo. Lo! Udongo gani ule? Ulikuwa wa kukandikia nyumba, si wa kupikia. Vyungu vyote vilipasuka kabla hata havijaona moto. Nikalia. Mume wangu aliponikuta nalia hakunicheka, bali alisema kwamba kama udongo hauji Korogwe, basi mimi niwe naenda Handeni. Kila mwaka, mahindi yakishavunwa na jua likiwa kali, nitapanda lori la duka, lile linalopeleka bidhaa Handeni, niende kwa mama, nifinyange, nichome, nirudi kabla ya mvua za vuli. Hivyo ndivyo tulivyopatana, yeye mwenyewe ndiye aliyetoa shauri, na mimi nilimpenda zaidi kwa ajili ya hilo.

Sasa hapa lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo hamtanielewa. Sisi hatukuwa tunachoma vyungu kila mtu na moto wake. Wafinyanzi wote wa kijiji walipanga vyungu vyao rundo moja, vikafunikwa kwa kuni, magome na nyasi, ukawashwa moto mmoja. Na moto ule ulikuwa na mwiko wake: asiweke chungu mtu mwenye ugomvi nyumbani usiokwisha. Kinyongo cha mmoja huvipasua vyungu vya wote. Kwa hiyo mwanamke mwenye mume, kabla hajaenda kuchoma, mumewe anachukua maji kinywani na kumtemea kifuani, akisema kwamba hana neno naye. Kwetu hasira ni kitu cha moto kinachokaa kifuani, na hutoka kwa maji ya kinywa cha yule aliyekasirika. Maji hayo hayatemwi kwa uongo. Mtu akitema huku bado amekasirika, ni afadhali asingetema.

Miaka ya mwanzo mume wangu alitema maji huku anacheka. Alikuwa ananipiga nayo kama mtoto anayecheza mvuani, khanga inalowa, napanda lori la watu nimelowa kifua, nami sijali. Nilikuwa naenda na moyo mweupe, narudi na mitungi imefungwa kwenye nyasi, na yeye ananipokea stesheni ya malori akiwa na hadithi za siku zote zile nilizokuwa sipo.

Kisha tukapata mtoto, binti. Na sijui ilikuwaje, lakini siku zangu za Handeni zikaanza kurefuka. Mama alinisaidia kulea, mimi nikawa na mikono miwili huru. Nikishachoma rundo la kwanza nasema, ngoja nichome na la pili, udongo bado upo. La pili likitoka zuri nasema, ngoja la tatu. Mawingu ya vuli yalikuwa yananikuta bado nimekaa chini na chungu mapajani. Wanawake wa Korogwe walianza kusema, na midomo ya nyumba za reli haina kufuli. Mmoja aliniambia usoni kwamba njia mbili zilimshinda fisi. Nikamwambia mimi si fisi, mimi nina miguu miwili na akili, na njia zangu nazijua.

Mwaka ninaousimulia ni ule baada ya vita kuu ya pili kumalizika, askari wakiwa wamerudi na makoti yao mazito. Asubuhi ya safari nilikuwa nimefunga mzigo, mtoto nimembeba mgongoni, lori la duka linangoja barabarani. Nikamletea mume wangu maji kwenye kata kama kawaida. Aliyatazama. Alikuwa anafunga kamba za viatu, anajiandaa kwenda kazini.

"Weka tu hapo," alisema.

Nilidhani amesema nimngojee amalize viatu. Alimaliza viatu, akachukua chakula chake, akampapasa mtoto kichwani, akatoka. Maji yakabaki kizingitini.

Mtu mwenye busara angemfuata. Mimi nami nina kichwa changu. Nilijiambia, haya, kama anataka kununa na anune, mimi nimepewa ruhusa tangu mwaka wa kwanza na sitaiomba tena kila mwaka kama sadaka. Nikayamwaga yale maji uani, nikapanda lori.

Nilifinyanga kwa hasira mwaka ule, na ajabu ni kwamba sijawahi kufinyanga vizuri vile. Nilitengeneza mitungi mikubwa yenye shingo nyembamba, nikatengeneza vyungu vya kupikia wali wa arusi, na chungu kimoja kipana ambacho mama alikizunguka mara kadhaa bila kusema kitu, na mama kunyamaza ilikuwa ndiyo sifa. Hakuniuliza habari za mume. Alikuwa anangoja siku yake.

Siku yenyewe ikafika. Wanawake walileta vyungu vyao uwanjani, kuni zilikuwa tayari. Nilipoinama kuweka mtungi wangu wa kwanza kwenye rundo, mama akaniuliza mbele ya wote kama mume wangu alitema maji.

Ningeweza kusema ndiyo. Nani angejua? Korogwe ni mbali. Lakini kulikuwa na vyungu vya kina mama wengine pale, kazi ya msimu mzima, na kulikuwa na kikongwe mmoja ambaye macho yake yalikuwa yanafifia na alijua kwamba huo ndio msimu wake wa mwisho. Nikasema hapana, hakutema.

Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana. Walivihamisha vyungu vyangu taratibu, wakavipanga pembeni, wakavifunika kwa nyasi kama wanavyofunikwa wagonjwa. Wengine walitaka wawashe moto bila mimi. Mama alikataa. Alisema vimefinyangwa kwa udongo mmoja na vitachomwa pamoja, na kwamba watanisubiri nikatafute maji yangu. Wakakubali kwa shingo upande, maana upande wa baharini mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya, na chungu kibichi kikinyeshewa hurudi kuwa tope. Sasa haikuwa tena nyumba yangu peke yake. Kazi ya wanawake wote wale ilikuwa imekwama kwa sababu ya ugomvi wangu.

Nikamwomba dereva wa lori la duka ampelekee mume wangu maneno. Nilimwambia amwambie hivi hivi, bila kupamba, kwamba vyungu vya watu vimesimama kwa ajili yetu sisi wawili. Kurudi Korogwe mwenyewe sikurudi, kwa kuwa nilikuwa naogopa. Niliogopa nitamkuta amefunga mlango.

Alikuja na lori lile lile liliporudi kuleta bidhaa. Alikuwa amepata siku moja tu kati ya safari mbili. Lori lingeshusha mzigo mjini na kugeuza alasiri, na yeye alfajiri ya kesho yake alitakiwa awe kwenye injini. Na haikuwa injini yoyote tu. Alikuwa ameahidiwa kupandishwa kwenye injini kubwa, ile ya kwenda Moshi, iliyokuwa ikipewa watia kuni hodari. Hilo sikulijua mpaka aliponiambia siku ile.

Alipofika alisimama ubavuni mwa nyumba, kama ilivyompasa mkwe. Mama akaingia ndani ili wasikutane macho, akamjibu salamu kupitia ukutani. Binti yangu alikuwa anacheza na udongo. Baba yake akachuchumaa, akatoa mfukoni kipande cha sukari guru, akamwita. Mtoto alimtazama, akakimbia akaingia ndani, akajificha nyuma ya bibi yake. Mume wangu akabaki amenyoosha mkono.

Hatukupoteza wakati. Nikaleta maji, wanawake wakasimama kwa mbali karibu na rundo, mimi nikalegeza khanga shingoni. Alipiga funda kubwa, mashavu yakamjaa. Akanitazama. Kisha akatazama mlangoni, kule mtoto alikoingilia. Nikaona koo lake linapanda na kushuka.

Aliyameza.

Mwanamke mmoja akajishika mdomo. Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia mwanamume aliyeyameza yale maji.

"Nimejaribu," alisema. "Bado iko."

Sauti ya mama ikatoka ndani ya nyumba, kavu kabisa. "Basi kaeni mseme. Moto unaweza kungoja. Mvua haiwezi."

Tukaketi chini ya ghala la mahindi. Yeye alikuwa anachora mchangani kwa kijiti na mimi natazama kijiti. Kisha alianza, na alikuwa hasemi kwa ukali, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema hasira yake si ya vyungu. Vyungu anavipenda, huwaambia hata wenzake wa reli kwamba maji ya mtungi wa mkewe ni baridi kuliko ya mtungi wowote wa Korogwe.

"Nikishuka kwenye injini nina maneno yamenijaa mpaka hapa," alisema, akagusa koo. "Nafungua mlango, hakuna mtu. Mwaka huu nimejikuta nayaambia masufuria. Na sasa mtoto wangu amenikimbia mbele ya wakwe."

Nikamjibu, tena si kwa upole, maana nilikuwa na changu pia. Nilimuuliza, yeye anapokuwa huko njiani na Singasinga wake, mimi huongea na nani? Nani humwona mtoto akipata homa? Nikamwambia kwamba nilipokuwa msichana alikuja kunichumbia akanikuta na udongo kwenye kucha, na hakuniambia nikanawe. Nikasema mimi nikiwa sifinyangi nakuwa mtu mwingine, mchungu, hata yeye hangenipenda. Nikalia, na nililia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na wanawake kule kwenye rundo wakajitia wanapanga kuni upya.

Hapo ndipo lori likapiga honi barabarani.

Alisimama. Mimi nilifuta uso nikamwambia aende. Nilisema kwa moyo mmoja kabisa. Nilijua injini kubwa ina maana gani kwake, nilijua zaidi ya mtu yeyote duniani, kwa sababu ndimi niliyekuwa nimekaa jikoni miaka yote ile nikisikiliza. Nikamwambia mambo mengine tutayasema nikirudi.

Akatazama barabara. Honi ikalia mara ya pili, ndefu, ya dereva aliyekasirika. Mume wangu akaketi tena.

"Nikienda sasa," alisema, "nitaenda nayo tumboni."

Tukalisikia lori likiondoka. Tulilisikia kwa muda mrefu, maana barabara ile inapanda na kushuka, na sauti inapotea na kurudi. Lilipopotea kabisa hakukuwa na namna nyingine ya kufika Korogwe kabla ya alfajiri. Tulijua sote wawili. Akachukua kile kijiti chake akakivunja, akasema haya, tuendelee, tulikuwa tumefika wapi.

Tuliongea mpaka jua likainama. Si yote yalikuwa ya kusikitisha. Tulibishana hata juu ya nani alimzoesha mtoto kulala katikati. Mwishoni nikamwambia, bila yeye kuniomba, kwamba kuanzia mwaka ule nitachoma mara moja tu. Rundo moja, si mawili, si matatu, na likipoa nafunga mzigo. Nisiwadanganye, iliniuma kama kung'olewa jino. Nilikuwa nimeshaanza kuuona moyoni udongo wa rundo la pili. Lakini nilimtazama mtu yule aliyeliacha lori, nikaona rundo moja linatosha, na kama halitoshi basi litatoshelezwa.

Akaomba maji. Safari hii alipiga funda hata hakunitazama, akayatema kwa nguvu yakaniingia machoni na puani. Wanawake walicheka, wakapiga vigelegele, na kabla sijamaliza kupangusa uso vyungu vyangu vilikuwa vimeshapangwa pamoja na vyao. Upepo ulikuwa umetulia. Mama akatoka ndani, akasema bismillahi, akawasha moto.

Mume wangu alikuwa amekaa kwa mbali mahali pa wanaume, ametulia kwa adabu. Adabu ile haikudumu. Moto wa kuni ulikuwa unawaka mbele yake na yeye hajaushika! Alianza kusogea. Kisha akasema, kwa upole, kwamba upande wa huku kuni ni nene mno, zitachelewa kushika. Akasogea tena, akasema zile za chini zingeachiwa nafasi zipumue. Mama, mkwe wake, ambaye hakuwahi kusema naye uso kwa uso tangu arusi, aligeuka na kijinga cha moto mkononi.

"Mkwe," alimwambia, "injini yako iko Korogwe."

Kina mama wale walikaa chini kwa kucheka. Hata yeye alicheka, akarudi mahali pake. Lakini kitambo kidogo baadaye nikamwona mama anachomoa kuni nene upande ule, kimyakimya, kama vile ni shauri lake mwenyewe. Nikamgeukia mume wangu. Alikuwa anautazama moto kwa macho yale aliyokuwa nayo alipokuwa ananisimulia habari za mvuke, na mara hii moto ulikuwa wangu. Mtoto alikuwa amekuja, sijui saa ngapi, amekaa karibu naye, si karibu sana, anakula sukari guru.

Vyungu vilitoka vizuri. Ukivigonga kwa kidole vililia. Kilipasuka kimoja tu, nacho kilikuwa cha mama, na wanawake walimtania msimu mzima wakimuuliza amegombana na nani. Vuli ilianza tulipokuwa tunafunga nyasi kwenye mitungi. Tukapanda lori la kwanza lililopatikana, watu watatu na vyungu vyetu, tukarudi Korogwe chini ya turubai.

Injini kubwa ilikuwa imeondoka na mtu mwingine. Aliniambia mwenyewe mlangoni, alipotoka kuonana na msimamizi wake. Asiyefika alfajiri hana kisingizio, hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na yeye hakuilalamikia. Hata ile injini yake ya zamani hakurudishiwa. Aliwekwa kwenye kikosi cha njia ya reli, kazi ya kushindilia kokoto, kufyeka nyasi na kukaza misumari, hapo hapo Korogwe. Asubuhi anaondoka na sururu, jioni kabla ya magharibi yuko nyumbani. Hakuwahi kuwa mtia kuni tena.

Nami nikapata walichokuwa nacho wenzangu, mume wa kila jioni. Mtoto alipanda mabegani mwake akakataa kushuka. Tulizaa wengine, na hao hawakuwahi kumkimbia. Kila mwaka nilikwenda Handeni nikachoma rundo langu moja, na kila mwaka alinitemea maji na moyo mweupe, na nikirudi alinifungulia mitungi mmoja mmoja, akinidai nimweleze kila mmoja ulivyofinyangwa. Alikuwa anasikiliza vizuri sana. Yeye mwenyewe hakuwa na ya kusimulia. Nikimuuliza habari za kazi alisema reli ni reli, ilikuwepo jana na ipo leo.

Sikuwahi kumuuliza kama anajutia. Nilijua, na hakuwa anajuta, na hata hivyo moyo wake ulikuwa umepungua kitu ambacho mimi nisingeweza kumrudishia kwa mapishi wala kwa mapenzi. Garimoshi la jioni lilikuwa linapita tukiwa tumekaa kula. Likianza kusikika kwa mbali alikuwa anasimamisha mkono, tonge limekwama kati ya sahani na mdomo, kichwa ameinamisha, anasikiliza. Mimi sikusikia ila kelele. Yeye alikuwa anasikia kuni, anasikia kama mvuke unatosha, anamsikia kijana aliyeko mle ndani akitokwa na jasho. Watoto walijifunza kunyamaza. Nilikuwa nalishusha tonge langu nami, namwangalia, na nilimpenda wakati ule mpaka kifua kikaniuma. Garimoshi lilipita, likasimama stesheni, likaondoka tena kuelekea Mombo, na yeye hakuupeleka mkono mdomoni mpaka sauti iishe kabisa. Ndipo alipokuwa anasema tule, na tulikula, na chakula kilikuwa kimepoa.